Haki za Binadamu Ziwekwe Kwenye Mengineyo

Ndugu mjumbe mpya wa bodi, hongera kwa kuteuliwa. Umeshapewa kalamu yenye nembo ya kampuni, umeshajaza fomu ya benki kwa ajili ya posho ya vikao, na bila shaka umekabidhiwa lile kabrasha zito lenye sera ya mazingira, sera ya haki za binadamu, sera ya watoa taarifa na sera ya zawadi. Usilisome. Aliyelisoma amejua, na aliyejua hawezi tena kusema hakujua. Haya ninayokuandikia yatakusaidia kuifanya kampuni ionekane ya kijani na yenye utu, huku gawio la wanahisa likibaki palepale.

Tuanze na ajenda. Kikao kinafunguliwa, muhtasari uliopita unathibitishwa, yatokanayo yanapitiwa, kisha inakuja taarifa ya fedha, uzalishaji, zabuni, bima, magari, ukarabati wa geti, na mwisho kabisa Mengineyo. Haki za binadamu na mto unaopita nyuma ya kiwanda vina nafasi yao ya heshima hapo kwenye Mengineyo, wakati harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Mwenyekiti atauliza kama lipo jingine. Meneja wa Uendelevu, ambaye amevaa suti tangu asubuhi kwa ajili ya dakika hizi tano, atanyanyua kidole. Atasema. Katibu ataandika: "Kikao kilipokea taarifa." Kupokea taarifa ni jambo la adabu sana. Halimlazimishi mtu yeyote kufanya chochote.

Lakini mabenki ya nje siku hizi yana maswali, na mojawapo ni kama mna Kamati ya Uendelevu. Iundeni. Ipeni mwenyekiti, katibu, hadidu za rejea na kikao kila robo mwaka. Ipeni kila kitu isipokuwa fungu la fedha, uwezo wa kusimamisha mtambo, na usemi juu ya bonasi za wakuu. Bonasi zibaki kwenye tani. Meneja wa mgodi ambaye mfuko wake unatazama tani atajua mwenyewe la kufanya siku tani na mto vikigombana. Hakuna haja ya kumwandikia barua.

Rio Tinto, moja ya kampuni kubwa kabisa za madini duniani, walituachia somo ambalo kila bodi ingelihifadhi kwa moyo. Tarehe 24 Mei 2020, katika eneo la Pilbara, magharibi mwa Australia, walilipua miamba ya Juukan Gorge ili kupanua mgodi wa chuma. Kulikuwa na mapango humo ambayo binadamu waliyatumia tangu zaidi ya miaka 46,000 iliyopita. Wenyeji wa ardhi ile, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamesema. Wanaakiolojia walikuwa wameandika. Walikuwa wamekuta kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu, wa miaka kama 4,000, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba nywele zile ni za mababu wa hawahawa wenyeji wa leo. Kibali cha serikali kilikuwepo tangu 2013, kwa hiyo mlipuko wenyewe ulikuwa na karatasi zake. Hilo liandike kwa wino mwekundu. Sasa tazama ufundi. Mipango ya upanuzi ilikuwa minne, na mitatu kati yake isingeyagusa mapango. Ukachaguliwa wa nne, kwa kuwa ulikuwa unafungua tani milioni nane hivi za madini, zenye thamani ya dola za Australia milioni 135. Wenyeji hawakuambiwa kwamba ile mitatu ipo. Wangechanganyikiwa bure.

Kelele zilipozuka, mkurugenzi mtendaji, Jean-Sébastien Jacques, aliieleza kamati ya bunge kwamba uzito wa mapango yale aliujua baada ya kulipuliwa. Unaona faida ya kuliacha kabrasha mezani? Bodi ikafanya mapitio yake yenyewe, ikakata bonasi za wakuu watatu, Jacques akiwemo, ikadhani shauri limekwisha. Hapo walikosea hesabu, maana wanahisa wakubwa, mifuko ya pensheni ikiwemo, waligoma, na Septemba ikatangazwa kwamba wote watatu wataondoka. Usiingiwe na hofu. Malipo ya Jacques kwa mwaka ule yalifika pauni milioni 7.2, zaidi ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2021 zaidi ya asilimia 60 ya kura za wanahisa ziliikataa ripoti ya malipo. Kura hiyo, kwa sheria ya Uingereza, ni ya ushauri tu. Walishauri, wakashukuriwa.

Kwa hiyo uongozi wa kampuni katika mambo haya ni kazi ya kupima umbali: umbali kati ya anayeamua na anayekunywa maji. Ukiwa mrefu wa kutosha, kila mtu aliye katikati anakuwa ametimiza wajibu wake na hakuna aliyefanya kosa. Yote yanayofuata ni mbinu za kuurefusha.

Ripoti ya uendelevu ndiyo mbinu ya kwanza. Itake karatasi nzito na jalada lenye mtoto anayecheka chini ya bomba la maji. Mtoto asiwe wa kijiji chenu. Wa kwenu anaweza kukua akawa shahidi. Yale Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yana alama za rangi za kupendeza, chagueni saba. Miche ihesabiwe siku ya kupandwa, mgeni rasmi akiwa bado ameshika koleo, wala asitumwe mtu kuihesabu tena baada ya kiangazi. Maji mnayoyatoa mtoni yaandikwe kwa lita ili tarakimu ziwachoshe wasomaji. Mnayoyarudisha yaelezwe kwa maneno.

Ila ukurasa wa utawala uwe na mwanasheria pembeni, maana hapo wengine wameungua. Kampuni ya Vedanta, yenye makao London, ilikuwa na kampuni tanzu Zambia, Konkola Copper Mines, inayochimba shaba Chingola. Wanavijiji 1,826 walifungua kesi London wakisema maji machafu ya mgodi yameharibu mito yao, mashamba yao na visima vyao. Kampuni mama ikajibu kama wanavyojibu wote: hilo ni suala la kampuni tanzu, nendeni Zambia. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa hoja hiyo. Nani aliwasaidia wanavijiji? Ripoti! Katika machapisho yake yenyewe, Vedanta ilikuwa imejisifu kwamba inasimamia viwango vya mazingira katika kampuni zake zote tanzu, inatoa mafunzo na inafuatilia utekelezaji. Majaji wakasoma, wakaona hoja ya kwamba kampuni mama ilijitwika wajibu huo ina uzito wa kutosha kusikilizwa. Mahakama haikusema nani ana kosa, na mwaka 2021 pande mbili zilipatana nje ya mahakama bila kampuni kukiri lolote. Lakini fikiria uchungu wa yule mwandishi wa ripoti. Maskini, alikuwa anapamba tu.

Basi usiandike kwamba kampuni mama inasimamia. Andika kwamba inahimiza, inatambua, inathamini, ina dhamira. Dhamira haishitakiki.

Tuzo pia zina msaada wake, mradi zipokelewe mapema. Septemba 2015 faharasa ya uendelevu ya Dow Jones iliitaja Volkswagen kuwa kinara wa sekta ya magari. Kama wiki moja baadaye Marekani ikatangaza kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yamewekewa programu inayotambua kuwa yapo kwenye kipimo cha moshi na kujirekebisha kwa muda. Magari kama milioni 11 duniani. Hebu waza kama hafla ingepangwa Oktoba.

Kuhusu ukaguzi, sifichi kwamba napenda sana siku za wakaguzi. Kiwanda kinakuwa kizuri. Vizimamoto vinafutwa vumbi, na kile kilichokwisha muda kinageuzwa ili tarehe itazame ukuta. Glavu mpya zinagawiwa saa mbili na kukusanywa saa kumi, zikiwa na mikunjo yake ya dukani. Kibarua wa siku, ambaye hajawahi kuona mkataba, anaambiwa akae nyumbani na posho yake atakuta. Wale watakaohojiwa wanajulikana tangu jana, na majibu yao pia. Mkaguzi anapita na orodha yake, anaweka vema, anauliza kuhusu mlango wa dharura. Upo. Umepakwa rangi nyekundu. Kama unafunguka ni swali jingine, na kwenye orodha yake halimo.

Na kwa nini liwemo? Mkaguzi analipwa na anayekaguliwa. Huko Karachi, Pakistan, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipata cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba mwaka uleule kiliungua na kuua zaidi ya watu 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Mahakama ya huko ilisema baadaye kwamba moto uliwashwa na wahalifu. Sawa, lakini nondo hazikuwekwa na wahalifu, na cheti kilihusu mazingira hayohayo ya kazi. Brazil nayo ilikuwa na bwawa la mabaki ya mgodi pale Brumadinho, mali ya kampuni ya Vale, lililothibitishwa kuwa imara Septemba 2018 na tawi la kampuni ya Kijerumani, TÜV SÜD. Lilipasuka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, wengi wao wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Kantini ya mgodi ilikuwa upande wa chini wa bwawa, na ilikuwa saa ya chakula.

Hapo natakiwa kufanya mzaha, lakini tuendelee.

Mkiwa wanunuzi badala ya wachimbaji, kazi yenu ni nyepesi zaidi: refusheni mnyororo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba, kule Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya shimoni. Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kuvunjika kwenye mashimo hayo ziliwashitaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington. Kesi ikatupwa 2021, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Machi 2024: kununua kutoka kwenye mnyororo wa dunia hakukufanyi mshirika wa anayemtumikisha mtoto. Kati ya shimo na simu yako kuna mchuuzi, depo, kiwanda cha kusafisha, meli, kiwanda kingine, na kiwanda cha betri. Kila mmoja ana sera.

Mnaofanya kazi karibu na watu hamna bahati hiyo. Nyinyi mna jamii, na jamii ina mikutano.

Mkutano wa wadau uitwe siku ya soko, ili wenye maswali wawe kwenye biashara zao. Tangazo libandikwe ofisi ya mtendaji wa kijiji jioni ya siku iliyotangulia. Mtaalamu aje na projekta na tathmini ya athari kwa mazingira, kurasa mia kadhaa kwa Kiingereza, atumie muda mrefu kutafuta umeme, kisha aseme kwa ufupi kwamba athari zipo lakini zinadhibitika. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kuwe na soda na sambusa, na kila anayepokea asaini: jina, simu, sahihi au dole gumba. Kwenye meza ile karatasi iitwe Mahudhurio. Ikifika kwenye viambatisho vya ripoti inaweza kuitwa Ridhaa ya Jamii.

Madawati yasisahaulike. Sheria ya Madini ya Tanzania, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Ni sheria nzuri, na sehemu zingine imeleta zahanati za kweli zenye dawa za kweli. Lakini haijakataza kuandika jina la kampuni kwenye kila dawati kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani, wala haijakataza kulichukulia dawati kama jibu la swali la kisima. Mzee akisimama kuuliza kwa nini ng'ombe wake wamekufa baada ya kunywa kwenye korongo, mkumbushe madawati. Akiuliza fidia ya mihogo, mkumbushe madawati. Makofi yatamkalisha.

Mtahitaji pia mfumo wa malalamiko. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, 31 kwa idadi, zilizopitishwa Geneva Juni 2011 baada ya kazi ya miaka mingi ya Profesa John Ruggie, zinasema dola ilinde, kampuni iheshimu, na aliyeumizwa apate nafuu. Zinataka njia ya kulalamika inayofikika na kuaminika. Tengenezeni sanduku. Liwe la mbao, lipakwe kijani, lifungwe kufuli la shaba, litundikwe kwenye kibanda cha mlinzi getini, chini kidogo ya msumari anaoning'iniza rungu lake. Mama anayetaka kulalamika kwamba mlinzi amempiga mwanawe atamwomba mlinzi yuleyule kalamu. Ufunguo akae nao mkuu wa ulinzi. Mwisho wa mwaka ripoti itasema, kwa ukweli mtupu, kwamba hakuna lalamiko lililopokelewa.

Hatari kubwa zaidi haitoki nje ya geti. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha Mombasa, Metal Refinery EPZ, kilichokuwa kikiyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu za magari pembeni ya makazi ya Owino Uhuru, kilimwajiri dada anayeitwa Phyllis Omido. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Wenye kiwanda walitaka karatasi. Yeye akatafuta mtaalamu, mtaalamu akapima, akaeleza kwamba shughuli ile inaweza kuwadhuru watu kwa sumu ya risasi, na Omido akawashauri wakubwa wakifunge kiwanda wakihamishe. Akahamishiwa kazi nyingine. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Alikuwa ameipata kwa kunyonya. Mama akaacha kazi, akaanza kuzunguka Owino Uhuru akiwapeleka watoto wa wenzake kupimwa. Aliandamana, akakamatwa, akashitakiwa, akaachiwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na wakati huo kiwanda kilikuwa kimeshafungwa tangu mwaka uliotangulia.

Chukua funzo la kiutawala: kwenye usaili wa Meneja wa Uendelevu, muulize mwombaji kama ana kawaida ya kusoma viambatisho. Akisema ndiyo, mshukuru kwa kufika. Anayefaa ni yule atakayeripoti kwa Meneja wa Mawasiliano, ambaye anaripoti kwa Meneja wa Masoko, ambaye ana safari.

Sheria za Ulaya ziliwahi kutunyima usingizi. Ufaransa ilianza 2017 kwa kuzitaka kampuni zake kubwa ziwe na mpango wa kuzuia madhara hadi kwa wauzaji wake wa nje. Ujerumani ikafuata, sheria yake ikaanza kazi Januari 2023. Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake 2024. Watu wakanunua programu za kompyuta, wakaajiri wanasheria. Februari 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ikapendekeza kulilegeza agizo hilo, na Aprili utekelezaji ukasogezwa mbele mwaka mmoja. Waliokuwa wamekaa bila kufanya kitu walionekana watu wenye busara sana.

Ikifika mahakamani, msiwe na haraka. Watu wa Owino Uhuru, ambako walikuwa wakiishi wakazi wapatao 3,000, walifungua kesi 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu wewe mwenyewe: tangu kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la majaji ni zaidi ya miaka kumi, na risasi iliyo mwilini haisubiri rufaa.

Kuna jambo moja zaidi ndani ya hukumu ile ya 2020, na ningependa mhasibu wenu alisikie. Waliobebeshwa wajibu hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMA, ilikuwemo, na wizara, na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, kwa sababu walitakiwa kuzuia na hawakuzuia. Kwa hiyo mnapokwenda kuomba vibali, ombeni vingi, katika ofisi nyingi, na kila muhuri utunzeni. Siku lawama ikigawanywa, kila muhuri utabeba kipande chake, na kipande cha serikali hulipwa na hazina, ambayo hujazwa kwa kodi ya mafuta ya taa, ya sabuni na ya vocha za simu, ikiwemo ile sabuni anayoinunua kwa kipimo, dukani Owino Uhuru, mama aliyeshinda kesi.